Jiko la Kambini

Evodia alirudi nyumbani siku ya mnada, saa ambayo nusu ya kijiji ilikuwa barabarani, yeye godoro kichwani na ndoo mkononi. Angeweza kupita njia ya korongoni, ile ya nyuma ya mashamba ya zabibu, asionwe na mtu. Hakupita. Alikatiza katikati ya wauza mbuzi na wauza mitumba, akamwamkia kila aliyestahili shikamoo, na kila aliyeitikia marahaba alibaki amegeuza shingo. Mtoto wa kidato cha nne anayerudi kwao na godoro, mtihani wa taifa ukiwa mlangoni, hahitaji kutangazwa. Watu wana macho.

Mama yake, Dorkasi, alikuwa uani akipepeta uwele. Habari ilimfikia kabla ya mtoto, kwa mdomo wa jirani yake Devota, aliyekuja mbio huku kanga inamponyoka.

"Mama Fabian! Mwanao anarudi na godoro!"

"Yupi?"

"Wa kike. Wanasema amegoma kupika kambini. Amefukuzwa."

Dorkasi aliuweka ungo chini. Jambo la kwanza lililomjia moyoni, tusimfichie, halikuwa huruma. Ilikuwa aibu. Maana kambi ile watu walikuwa wakimtaja yeye kila walipoitaja.

Shule ya kata ilikuwa ya kutwa, na watoto wengine walitembea kutoka vijiji vya mbali. Basi wazazi walikubaliana kwamba kidato cha nne walale shuleni mpaka mtihani, wavulana darasa hili, wasichana lile, wasome jioni kwa taa za sola. Wazazi watoe unga, maharage na mlenda mkavu. Kilichowakwamisha ni mpishi. Mpishi alitaka ujira, na wazazi walikuwa wamekwisha kuunung'unikia hata huo unga. Ndipo Dorkasi alipoinuka mkutanoni akasema, "Jamani, mpishi wa nini? Mabinti si tunao? Wa kwangu anasonga ugali wa msiba mzima." Alipigiwa makofi. Mkuu wa shule alimpa mkono mbele ya watu. Wiki nzima Dorkasi alitembea kijijini kama mke wa mbunge. Wasichana wakapewa jiko, wavulana wakapewa ulinzi, na kulinda kwenyewe kulikuwa ni kulala.

Sasa binti wa msiba mzima alikuwa anaingia uani na godoro lake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Devota."

"Umefanya nini?" Dorkasi hakuitikia.

"Nilikaa darasani."

"Nakuuliza umefanya nini!"

"Ndiyo hicho, mama. Kengele ya jikoni iligongwa, mimi nikabaki nimekaa. Mwalimu wa zamu akasema niinuke. Nikamwambia nitainuka akiinuka na mvulana mmoja. Mmoja tu. Akacheka. Darasa zima likacheka. Fabian naye akacheka."

Fabian alikuwa kaka yake wa kuzaliwa. Alirudia kidato cha pili, mdogo wake akamkuta, na sasa walikuwa darasa moja.

"Asiyefunzwa na mamaye..." Devota alianza, akaiacha hapo. Methali ile haihitaji kumaliziwa mbele ya mama mwenyewe.

Mkono wa Dorkasi uliinuka, ukatua shavuni kwa Evodia. Msichana hakulia. Alishusha godoro, akaliegemeza ukutani kwa uangalifu lisipate vumbi, kisha akasema mkuu wa shule anamtaka mzazi. Yeye mwenyewe arudi aombe radhi paredini mbele ya wote, kisha arudi jikoni. Asipoomba, akae nyumbani mpaka siku ya mtihani.

"Utaomba," Dorkasi alisema.

"Kupika nitapika, mama. Kuomba radhi siombi."

"Utaomba na utapika!"

"Kesho mwalimu wa fizikia anakuja kutoka mjini na vifaa vyake. Anakaa mpaka Jumapili, anaondoka navyo. Shule yetu haina mwalimu wa fizikia, mama, unajua. Nikimkosa huyo, ile karatasi ya vitendo nitaiona kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani."

Hapo sauti yake ndipo ilipotikisika. Kofi halikumliza, fizikia ilikaribia kumliza.

Jioni baba yao, Silvano, alirudi kutoka shambani, alikokuwa akipogoa mizabibu. Alikuwa amekwisha kusikia. Kila aliyekutana naye njiani alimpa pole kama mtu aliyefiwa. Hakufoka. Alinawa, akaketi, akala ugali ambao Evodia mwenyewe alikuwa ameusonga, laini, usio na hata punje kavu.

"Kumbe kupika unajua," alisema alipomaliza. "Mbona hapa umepika?"

"Hapa sina kipindi, baba."

Silvano alimgeukia mkewe. Ndivyo alivyozoea, neno la binti lijibiwe kupitia kwa mama yake. "Mama Fabian, kesho unampeleka. Ataomba radhi. Mtoto wa kike akiharibika, anayeulizwa ni mama."

"Na wa kiume?" Evodia aliuliza.

"Wa kiume yuko shuleni anasoma," Silvano alisema, akainuka.

Dorkasi alimfuata binti yake kwenye vyombo. Alitaka kumkaripia, lakini maneno hayakuja kwa mpango. Alishika sufuria, akaiacha, akashika nyingine.

"Nani alikwambia kuwa ni mimi niliyesema mkutanoni?"

Evodia alikuwa hajasema neno hilo, wala hakushangaa kuulizwa. "Fabian alikuja nalo siku ya kwanza. Wavulana wamelifanya wimbo. Nikichelewesha uji wananiambia, mpishi wa bure, mama yako ndiye aliyekutoa."

"Mimi nilisema kwa wema."

"Najua, mama."

Lingekuwa jambo jepesi kama mtoto angemlaumu. Dorkasi alilala ubavu huu, akageukia ule, akatoka nje kutazama mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote, akarudi. Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo watu. Wa kwake uliponza kichwa cha mwingine.

Ijumaa walikwenda kwa miguu, Evodia mbele na godoro lake, mama nyuma. Upepo wa kiangazi ulikuwa umekwisha kuamka na vumbi liliwajaa mpaka kwenye kope.

Mwalimu Elisante, mkuu wa shule, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mtu wa Singida, asiyeweka fimbo mezani. Alimkaribisha Dorkasi kiti pekee kilichokuwa na mto, akamwacha Evodia asimame nje.

"Mama, wewe ndiye nguzo ya kambi hii. Ndiyo maana jambo hili limeniuma."

"Nisamehe, mwalimu."

"Hatutalikuza. Ataomba radhi paredi ya jioni, yaishe. Mimi sina kinyongo. Na nikupongeze kwa Fabian. Alikuja kambini akivuta mkia, lakini mtihani wa majaribio wa mkoa ameingia kumi bora. Kambi imemtengeneza yule kijana."

Dorkasi alifurahi, asingeweza kujizuia. "Na Evodia?"

"Ameshuka sana. Alikuwa wa pili, sasa yuko katikati huko. Ndivyo walivyo wasichana, mama. Wakifika umri huu, akili inahama."

"Inahamia wapi?"

Mwalimu alitabasamu. "Wewe ni mwanamke, unaelewa."

Dorkasi alikaribia kuitikia kwa kichwa. Shingo ilikuwa imekwisha kuanza, kwa mazoea. Kisha akauliza, "Na hao mabinti wengine?"

"Wote wameshuka. Ndiyo maana nakwambia."

"Wote, mwalimu?"

"Wote."

Alilisema waziwazi, kama anayesema kuwa mvua hainyeshi mwezi wa tisa. Dorkasi alimtazama mtu huyu mwenye shahada, aliyesoma mpaka nywele zikampungua, akangoja kuona kama atayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia. Alikuwa anatafuta kalamu.

"Naomba nikasalimie jikoni," Dorkasi alisema.

Jiko lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya madarasa, moshi unatoka kila mahali isipokuwa pale ulipotengenezewa. Kulikuwa na wasichana wanne. Mmoja wao, Ruthu, alikuwa amesimama juu ya sufuria la maharage na mwiko mkononi, macho yamefumba.

"Mbukwenyi," Dorkasi alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama," waliitikia, na Ruthu akazinduka.

"Mnaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo, mama. Bombani kuna foleni."

"Na vipindi?"

"Cha kwanza tunakikuta kinaisha. Cha kabla ya chakula tunatoka katikati. Jioni wenzetu wakijisomea, sisi tunaosha masufuria." Ruthu alisema hayo bila kulalamika, kama anayesoma ratiba ya basi. "Tukiingia darasani mwalimu anasema, haya, moshi umefika."

"Wavulana je?"

"Wanalinda."

"Wanalinda nini?"

Wasichana walitazamana, wakacheka kicheko cha uchovu. "Labda sisi tusikimbie," mmoja alisema.

Dorkasi alichukua mwiko. "Nenda ukakae, mwanangu." Alijifunika kanga kichwani na puani kwa ajili ya moshi, akainama, akausonga ugali wa mchana kwa nguvu zote alizokuwa amezikusanya tangu jana. Aliona ni nafuu kushika kitu. Kengele ikagongwa. Wavulana walipanga mstari kwenye dirisha la jiko, sahani zinagongana, naye akawa anapakua, sahani inakuja, sahani inaondoka, haoni uso wa mtu.

Sahani moja haikuondoka.

"Ongeza mlenda, wewe. Na mjue ugali wa jana ulikuwa mbichi."

Aliijua sauti. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuongeza mlenda. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko maneno yenyewe, kwamba aliamriwa na mtoto aliyemzaa, na mkono wake ukatii kabla hajafikiri.

Alishusha kanga. "Fabian."

Kijana alibaki na sahani hewani.

"Shikamoo mama. Sikujua kama ni wewe."

"Ungejua ingekuwaje?"

"Nisingesema hivyo."

"Kwa hiyo Evodia ndiye wa kuambiwa hivyo."

Fabian alitazama mlenda wake. Hakuwa mtoto mkorofi, na hilo lilimchanganya mama yake zaidi. Nyumbani alikuwa akimkata kuku shingo huku amegeuza uso pembeni kwa huruma. Hakuna aliyemfundisha ubaya. Walimfundisha tu kukaa na kungoja sahani, na aliyemletea sahani miaka yote alikuwa yeye, Dorkasi.

Aliwapakulia wote mpaka wa mwisho. Kisha akaulaza mwiko juu ya sufuria, akaketi kwenye jiwe la mlangoni.

"Nendeni darasani," aliwaambia wasichana. "Jioni hapiki msichana yeyote. Wala mimi sipiki."

"Mama, tutafukuzwa," Ruthu alisema.

"Nyie mmetumwa na mzazi. Atakayeulizwa ni mimi."

Mwalimu wa fizikia alifika alasiri kwa bodaboda, amekumbatia katoni ya betri, nyaya na lenzi. Wasichana wanne waliingia darasani pamoja na wengine. Evodia hakuingia, kwa kuwa mkuu hakumruhusu. Alisimama dirishani, godoro miguuni, akitazama mikono ya mwalimu kupitia nondo za dirisha, midomo yake ikimfuatisha.

Mwalimu Elisante alikuja jikoni, kwa upole. Akaja tena, upole umepungua.

"Mama, mkutano wa wazazi ndio ulioamua. Na mkutano ndio unaoweza kutengua."

"Utakaa lini?"

"Mwezi ujao."

"Mwezi ujao watakuwa ndani ya mtihani. Maneno yale niliyasema mimi, mwalimu. Nayatoa leo."

"Huwezi kuyatoa peke yako."

"Niliyasema peke yangu."

Angekuwa mwanafunzi, angemfukuza. Lakini mzazi aliyekaa kwenye jiwe, Mwalimu Elisante hakujua amfanye nini. Mwishowe alimpigia Silvano simu.

Kukaa kule hakukuwa kushupaa kama kulivyosimuliwa baadaye. Dorkasi aliketi, akainuka, akafagia majivu ambayo hayakuhitaji kufagiwa, akaketi tena. Mara mbili alishika kiberiti. Darasa lilipotoka mapumziko, wavulana walikuwa wakipita mbali na jiko na kulichungulia kama watu wanaotazama nyoka. Jua lilikuwa linazama na hakukuwa na dalili ya moshi.

Silvano alifika na baiskeli, vumbi la shambani bado liko kwenye suruali. Aliona shule nzima imesimama. Alimwona mkewe mbele ya jiko baridi.

"Mama Fabian, inuka."

"Nimechoka, baba Fabian."

"Inuka nasema! Watoto wana njaa!"

"Unga upo. Maji yako bombani. Kuni zile pale."

"Na apike nani?"

"Mwanao ana mikono miwili."

Baadhi ya wavulana walicheka. Silvano alisikia kicheko na hakujua kinamcheka nani, basi akachukulia ni yeye.

"Fabian ni mtoto wa kiume!"

"Ndiyo. Mchana ameniamuru niongeze mlenda. Nikaongeza."

Silvano alimtafuta mwanawe kwa macho. Fabian alikuwa karibu na ukuta, na wenzake walikuwa wamemtania mpaka utani ukawaishia. Alikwenda kwenye ndoo, akaishika.

"Weka chini hiyo ndoo!"

Kijana alisimama. Dorkasi alikaza macho kwenye vidole vya mwanawe. Alijua akiiweka chini, basi imekwisha. Evodia ataomba radhi au atakosa fizikia, na yeye mwenyewe atawasha moto huu kwa mkono wake.

"Baba," Fabian alisema, na haikuwa sauti ya shujaa hata kidogo, "nina njaa."

Akaenda bombani. Wawili wakamfuata na ndoo zao, kwa sababu sufuria la kambini halijai kwa ndoo moja. Wengine wakazigeukia kuni.

Walikohoa, waliungua vidole, walimwaga unga kabla maji hayajachemka. Kutoka mlangoni mwa darasa Ruthu alishindwa kuvumilia, akaanza kuwapigia kelele wapunguze moto.

"Rudi ndani, Ruthu," Evodia alimwambia kutoka dirishani pake. "Watajua."

Mwalimu Elisante alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. "Evodia, wewe bado hujaomba radhi."

"Ndiyo, mwalimu. Bado."

Ndani, yule mgeni wa mjini, aliyekuwa ameanza kipindi cha jioni na wasichana, aliinua kichwa kutoka kwenye nyaya zake. Hakujua lolote la nje na hakuwa na muda wa kujua. "Huyo wa dirishani anaingia au haingii? Nina kituo kimoja hakina mtu."

Mkuu wa shule alitazama jiko, akatazama kijana anayefuta machozi ya moshi kwa shati la shule. Huenda alilisikia lile neno lake la asubuhi, "wote", huenda hakulisikia. Njaa nayo ilikuwa inamsumbua.

"Ingia," alisema. "Jumatatu tutaliongea."

Evodia aliingia. Godoro alilisahau nje.

Silvano hakula ugali ule wenye mabonge, ingawa Fabian alimletea sahani kwa mikono miwili. Alitangulia na baiskeli yake, Dorkasi nyuma.

"Umenivua nguo mbele za watu," Silvano alisema njiani.

"Mimi nilivuliwa mchana. Na mwanangu."

"Jumatatu itakuwaje? Mwalimu akimtoa tena?"

"Jumatatu nitarudi pale pale kwenye jiwe."

Walipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia. Silvano aliegemeza baiskeli, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda chake mahali pake pa siku zote. Akangoja. Hakusema anangoja nini, hajawahi kuhitaji kusema.

Dorkasi alisimama mlangoni. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha kwa moshi.

"Unga uko kwenye debe la kulia," alisema.

Akaingia ndani, akalala na kanga yake vilevile. Alitega sikio. Kisha kigoda kikasogea. Mfuniko wa debe, tena debe lisilo lenyewe. Njiti ya kiberiti ikavunjika, ya pili ikashika. Alijua kabisa kuwa sufuria aliyoishika Silvano ni ile inayovuja, na miguu yake ilikuwa imekwisha kushuka kitandani, yenyewe, bila kuombwa.

Aliirudisha kitandani kwa mikono. Usingizi haukuja, lakini hakuinuka.